Kapteni Mvuyekure na Mdogo Wake

Mke wangu hapendi mawese. Anasema yakishachomwa ndani ya nyumba, harufu inakaa kwenye mapazia mpaka wageni wanauliza kama tumefungua genge. Kwa hiyo mtu akiniletea chupa kutoka Kigoma, naificha nyuma ya mtungi wa gesi na kusubiri siku atakayokwenda kwao. Mawese hayapikiwi hivi hivi, wenzangu mnaoyajua mnaelewa. Unayaacha kwanza motoni yaungue, wekundu upungue, moshi uanze kupanda, ndipo utie vitunguu. Juzi nilifika kwenye ule moshi nikashindwa kuendelea. Nilisimama na mwiko mkononi nikilia kama mtoto, na vitunguu vilikuwa bado havijamenywa, kwa hiyo hata kisingizio sikuwa nacho.

Harufu ile ilinirudisha Katubuka, kwenye ua wa nyumba ya serikali aliyopewa baba. Baba alikuwa mtu wa Idara ya Maji, Mnyaturu wa Singida aliyeletwa Kigoma kwa uhamisho akaoa hapo hapo. Mama alikuwa Muha wa Kalinzi, milimani kwenye kahawa. Alipikia nje, na nyuma ya jiko lake lilikuwa limelala tangi la chuma, kubwa kiasi cha ng'ombe kuingia akajigeuza, lililoachwa na fundi aliyekaa pale kabla yetu. Tangi lilikuwa na mdomo mmoja wa duara ubavuni, wenye mfuniko mzito uliofunguka kwa bawaba. Ndani palinuka kutu na joto. Mimi nilikuwa mtoto pekee, na kwa muda mrefu nililiona tangi lile kuwa takataka tu, mpaka Nestori alipokuja.

Nestori alikuja kwetu pamoja na maharage. Mama alikwenda kununua maharage sokoni Mwandiga, akarudi na nusu gunia, na aliyelibeba alikuwa mvulana mwembamba amevaa koti la mtu mzima lililokunjwa mikono mara tatu.

"Huyu ni kaka yako," mama akaniambia. "Mtoto wa mjomba wako wa Kalinzi. Mwamkie."

Sikumwamkia. Nilikuwa nimemwagiza mama biskuti, sikumwagiza kaka. Nestori akatua gunia, akanitazama muda mrefu kuliko mtu anavyomtazama mtoto asiyemjua, kisha akageuka ukutani akawa kama anafuta jasho. Nilidhani ameniona mbaya wa sura.

Tulizoeana kabla ya wiki kwisha. Mtu mliyelala naye kitanda kimoja mtagombania shuka, halafu mtazoeana, hakuna njia nyingine. Alikuwa amenizidi miaka minne hivi. Alikuwa na Kiswahili cha polepole, chenye "ego" nyingi badala ya "ndiyo", na Kiha chake kilimfanya Mama Vumilia, jirani yetu muuza samaki wa migebuka, acheke na kusema, "Kiha hiki kina chumvi ya ng'ambo, mwanangu." Mama hakucheka. Baba naye alipenda kuwaambia watu kwamba yeye Mnyaturu hata ukimpa taa hawezi kumtofautisha Muha na Mrundi. Niliamini kabisa kwamba baba hajui. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa anajifanya mjinga kwa ajili ya mtu fulani nyumbani kwake.

Nestori ndiye aliyeligeuza tangi kuwa chombo cha angani. Siku hizo ndege za misaada zilikuwa zinatua kiwanja cha Kigoma mara kwa mara, zinapita juu ya mabati yetu mpaka vikombe vinalia kabatini, na sisi watoto tunakimbia nje kuzihesabu. Nestori hakuhesabu. Alikuwa anazitazama zikipotea upande wa ziwa, kisha anaingia kuandika. Aliandika kwenye daftari la mistari lenye jalada la kijani, kila juma sehemu moja, na Jumamosi mchana alitusomea. Wanangu leo wananiambia hizo zinaitwa hadithi za kisayansi. Sisi tulisema tu, "Twendeni kwa Kapteni."

Kapteni alikuwa Kapteni Mvuyekure. Mara ya kwanza mama aliposikia jina hilo aliacha kukoroga ugali, akauliza, "Umelitoa wapi?" Nestori akasema, "Nimelitunga tu." Lilikuwa na maana ya nimetoka mbali, na kweli alikuwa ametoka mbali. Chombo chake kiliitwa Inyenyeri, yaani nyota. Alikuwa anapita katika dunia ambazo mpaka leo sijazisahau. Kulikuwa na dunia ambayo ziwa lilisimama wima kama ukuta, na samaki wakamchungulia Kapteni kama watu walio dirishani. Kulikuwa na dunia nyingine ambayo wageni walitakiwa kuyaacha majina yao getini, na wakati wa kutoka kila mtu alipewa jina lolote lililobaki. Tulicheka sana kwa lile, hasa pale Kapteni alipopewa jina la bibi kizee. Nestori hakucheka, na sisi tukasifu jinsi anavyojua kukaza uso.

Lakini ndani ya hadithi ile kulikuwa na jambo moja lililonitesa. Kapteni alikuwa na mdogo wake. Hakuwa na jina, kwenye daftari aliandikwa "mdogo wake" tu. Huyo mdogo wake alikuwa nje ya chombo. Kokote Inyenyeri ilikokwenda, alikuwa ameng'ang'ania ubavuni, na katika kila sehemu ilifika saa akagonga mlango mara tatu. "Kaka, fungua." Kapteni alikuwa anamsikia. Anasimama nyuma ya mlango, anaweka kiganja kwenye chuma, kisha anasema kwa ukali, "Nilikwambia usiondoke pale nilipokuacha." Halafu anarudi kwenye usukani wake. Basi, ndivyo walivyoishi hao ndugu wawili, mmoja anagonga na mwingine anagomba, dunia baada ya dunia.

Mnajua niliwaza nini. Nilijua kabisa huyo ni mimi. Nani mwingine? Nestori akienda kuoga ziwani na wavulana wakubwa alikuwa ananiambia, "Kaa hapa hapa, usiondoke." Nami nilikuwa naondoka. Nilimfuata kila mara, nikijificha nyuma ya mitumbwi iliyopinduliwa mchangani, hata siku moja akatoka majini akakuta sipo mahali aliponiacha. Aliniita jina langu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena kwa mtu. Nilipochomoza nikicheka kutoka kwenye mtumbwi, alinizaba kofi. Kisha akakaa chini mchangani na meno yake yakaanza kugongana, na jua lilikuwa kali. Wavulana wakasema ameshikwa na malaria. Mimi nilisema moyoni, huyu ananichukia, na nikaona hadithi yake yote inaeleza hivyo.

Lililozidisha uchungu ni kwamba mgongaji nilikuwa mimi. Nestori alikuwa anasomea ndani ya tangi, mfuniko umefungwa, sauti yake ikivuma kupitia chuma hadi inasikika kama inatoka ziwani. Watoto wengine walikaa juu ya tangi. Mimi nilipewa jiwe, nikisimama mlangoni, na ikifika zamu yangu nilitakiwa kugonga mara tatu. Nikishagonga, ndani palikuwa kimya. Kimya kirefu, mpaka watoto wanaanza kusukumana. Kisha yale maneno, nilikwambia usiondoke. Akimaliza kusoma alikuwa anatoka macho mekundu, na akiulizwa anasema ni kutu.

Nikaanza kumwomba. Nilimwomba tukiwa kitandani, nilimwomba tukichota maji. "Kaka Nestori, Jumamosi mfungulie."

"Nani?"

"Mdogo wake Kapteni. Mfungulie aingie."

"Bado."

"Mpaka lini?"

"Tutaona shule zikifungwa."

Nyumbani kwetu tutaona ya mtu mzima maana yake ilikuwa hapana, lakini Nestori hakuwa mtu mzima, kwa hiyo nikaichukua kama ahadi. Niliwatangazia watoto wote wa mtaa kwamba shule zikifungwa mlango utafunguliwa nami nitaingia ndani ya chombo. Niliwaambia nitakachokiona humo. Nilimpa mtoto mmoja gololi zangu kwa sababu nilidhani sitazihitaji tena.

Katikati ya muhula ule baba alirudi kula mchana, akasema kwa sauti ya chini kwamba limetoka agizo. Wakimbizi waliotoka ng'ambo na kuishi mitaani waandikwe, wapelekwe kambini. Nestori alikuwa kisimani. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo.

"Ni mwanangu," akasema.

"Najua ni mwanao. Nauliza tutasemaje."

"Tutasema Kalinzi, kama tulivyosema siku zote."

Ndipo waliponiona nimesimama mlangoni. Mama akaniita, akanishika mabega kwa mikono yenye vumbi la mchele.

"Ukiulizwa Nestori ni nani, utasemaje?"

"Mtoto wa mjomba."

"Wa wapi?"

"Kalinzi."

"Sema tena."

Nikasema tena, na tena. Naeleza haya yote ili asije mtu akanitetea kwamba nilikuwa mdogo na sikujua. Nilijua. Kitu ambacho sikukijua ni kambi yenyewe. Rafiki yangu mmoja darasani alikuwa na mjomba aliyeendesha lori kwenda huko, naye alikuwa anatuletea biskuti ngumu zenye sukari na hadithi za viwanja vya mpira. Kichwani mwangu kambi ilikuwa kitu kama shule ya bweni. Mtu anakwenda, anaonjeshwa adabu kidogo, muhula ukiisha anarudi.

Jumamosi ile ya kufunga shule ilifika. Sijawahi kuona watoto wengi vile juu ya tangi letu, wengine walitoka hadi mtaa wa pili. Mama alikuwa ameenda kanisani kwenye mkutano wa akina mama, baba yuko kazini. Nilivaa shati la sikukuu. Nestori akaingia, akafunga mfuniko, akaanza kusoma, na ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote. Inyenyeri ilikuwa inaishiwa mafuta. Kulikuwa na dunia moja tu mbele, ya kijani, yenye mwanga, na kuifikia ilibidi Kapteni apunguze uzito au afungue mlango, nimesahau kwa nini, lakini kwa watoto ilieleweka. Nikagonga. Nikagonga mara ya pili. Nikagonga ya tatu, kwa nguvu, jiwe likanichubua vidole.

Sauti ikatoka ndani: "Kapteni akaweka mkono kwenye mlango. Akasikia pigo la kwanza, na la pili, na la tatu. Akasema, nisamehe. Akauondoa mkono wake. Inyenyeri ikaondoka."

Kisha mtoto mmoja juu ya tangi akasema, "Ameachwa!" na wote wakapokea. Ameachwa, ameachwa! Walikuwa wanapiga tangi kwa visigino. Nilirusha jiwe, nikagonga kwa mikono, nikapiga mateke mfuniko ule, nikalia mbele ya mtaa mzima na shati langu la sikukuu. Nestori hakufungua. Nikaenda kushitaki.

Hapa inabidi nieleze desturi ya mtaa wetu. Nyumba ya pili kutoka kwetu alikaa Mzee Hamisi, mjumbe wa nyumba kumi, mzaliwa wa Ujiji, mtu wa kofia nyeupe na mzaha mwingi. Watu wazima walimpelekea kesi zao jioni. Sisi watoto tulimpelekea zetu saa yoyote, naye hakutufukuza. Alikuwa anasikiliza, anaandika hewani kwa kidole, anatoa hukumu, na kwa kawaida hukumu ilikuwa kila upande upewe karanga. Nilikuwa nimeshashinda kesi mbili kwake. Nilijua pia kwamba ukitaka kushinda, uje na jambo zito.

Nilimkuta barazani, na hakuwa peke yake. Kando yake alikaa kijana wa ofisi amevaa soksi safi, na mezani kulikuwa na daftari kubwa lililofunguliwa. Sikujali. Kesi yangu ilikuwa moto.

"Leo nani tena, bwana mkubwa?" Mzee Hamisi akauliza.

"Nestori."

"Amekupiga?"

"Amenifungia mlango."

Kijana wa ofisi akacheka. "Nestori ni nani?"

"Kaka yake," Mzee Hamisi akadakia haraka. "Mtoto wa mjomba wake wa Kalinzi. Hawa kila siku ni paka na panya. Haya, chukua karanga, mtapatana jioni."

Alikuwa ameshainyoosha mikono yenye karanga. Mpaka leo naiona ile mikono. Ningezipokea, ningeondoka zangu nikitafuna.

"Si kaka yangu," nikasema. "Si ndugu yetu. Ni Mrundi. Mama alimwokota Mwandiga. Aandikwe, apelekwe kambini."

"Mtoto ana homa huyu," Mzee Hamisi akasema. "Nenda nyumbani, mama yako anakuita."

"Haniiti. Bado hajarudi."

Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Yule kijana hakuwa na ukali wowote. Aliniuliza nyumba ni ipi nikamwonyesha, akaniuliza jina la baba nikamtajia, na nilijibu vizuri, kama mtoto anayesifiwa na mwalimu. Mzee Hamisi alikuwa anazirudisha karanga kwenye kopo moja moja.

Walikuja Jumatatu asubuhi na gari, wakasema shikamoo mama, wakasoma jina. Mama alisema Kalinzi. Aliapa Kalinzi, alitaja babu na bibi, alitaka waende naye huko kwa miguu yake. Wakamwambia kwa adabu kwamba wana habari za uhakika. Baba alikuwa amevaa nguo za kazi na ameshika chai yake, hakuinywa wala hakuiweka chini. Nestori ndiye aliyemaliza ubishi. Alitoka ndani amevaa koti lake, amebeba daftari na mswaki, akasema, "Mama, oya, hapana, basi. Usilie mbele yao." Alipopita karibu nami nilikuwa nimeegemea tangi. Alisimama kidogo, akasema yale yale ya siku zote, "Kaa hapa hapa, usiondoke." Sikuondoka. Kwa mara ya kwanza nilimtii.

Jioni Mzee Hamisi alikuja kutupa pole. Baba akamuuliza nani amesema. Yule mzee akavua kofia, akaitazama ndani kama jibu liko humo, akasema, "Maneno ya mtaani, bwana. Mitaa ina midomo." Hakunitazama. Alikaa na siri ile mpaka alipokufa, na sijui kama alifanya hivyo kwa kunihurumia mimi au kwa kumhurumia mama. Lakini mama hakuridhika na mitaa. Alitafuta mdomo wenyewe, na akaupata kwa Mama Vumilia, kwa sababu ya ule utani wa Kiha chenye chumvi ya ng'ambo. Toka siku hiyo hakununua tena migebuka yake. Wakikutana, mama alikuwa anatengeneza khanga yake kama asiyemwona. Mama Vumilia alikuja mara mbili kuuliza amekosa nini, na mara ya pili alileta samaki wa bure, wakarudi walivyokuja. Nilikuwa nimekaa jikoni nikila. Mama amekufa wakiwa bado hivyo, na Mama Vumilia akatangulia kuosha vyombo msibani kwetu bila kuombwa.

Shule zilipofunguliwa nilihesabu wiki za muhula. Nilimwambia rafiki yangu kwamba kaka yangu akirudi atakuja na biskuti.

Likizo iliyofuata, idara ya baba ilitumwa kwenda kutengeneza pampu kambini, naye akanichukua. Nasema mapema kwamba hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona Nestori. Mwaka uliofuata tulisikia watu wanarudishwa kwao, baba akauliza kila alikoweza, na jina lake halikupatikana kwa waliobaki wala kwa walioondoka.

Ilikuwa safari ya nusu siku kwa gari la maji. Nilivua viatu kwa sababu ya joto na kuvisahau chini ya kiti. Niliona maturubai kwanza, mengi kuliko nyumba za Kigoma yote, halafu vumbi jekundu, halafu foleni. Nilitafuta mabweni. Baba alipokwenda kwenye pampu zake alinionyesha bomba ambalo watu wa upande wa Nestori walichotea, akanikabidhi kifurushi cha mama, akasema nikisikia honi nikimbie.

Alikuwa kwenye foleni ya ndoo. Amerefuka. Lile koti hakuwa nalo tena, na vumbi lilimfanya awe na rangi moja na kila mtu.

"Yoo, mdogo wangu," akasema. "Umekuja!"

Alimwachia mtu ndoo yake, tukakaa kwenye kivuli chembamba cha turubai. Akafungua kifurushi, akanusa shati alilotumwa na mama kabla ya kuliweka magotini. Akauliza habari za mama, za baba, za shule. Sikumuuliza hata anakula nini. Nilikuwa nimelibeba swali langu toka Katubuka.

"Kwa nini hukunifungulia?"

"Mlango upi?"

"Wa Inyenyeri. Kwa nini uliniacha nje?"

Alinitazama bila kuelewa. Kisha akaelewa, na ningependa kusema alikasirika, lakini alisikitika tu, uso wake ukawa mzee.

"Ulidhani yule ni wewe?"

"Ni nani basi?"

Akachora kitu vumbini kwa kidole, akakifuta. "Nilikuwa na mdogo wangu. Jeremia. Umri wako, na masikio yako hivyo hivyo. Tulipokuwa tunakimbia tulifika kwenye migomba. Nikamwambia kaa hapa hapa, usiondoke, nitazame njia. Niliporudi hakuwepo."

"Alikufa?"

"Sijui. Ndiyo taabu yenyewe." Alisema polepole, akichagua Kiswahili. "Akiwa nje anagonga, basi yupo. Namsikia. Nikifungua mlango itabidi niandike kilichopo nje. Nitaandika nini mimi? Kila Jumamosi nilikuwa nataka kufungua, mkono unakataa. Halafu nikamwona anateseka tu huko nje, nikaona bora nimwache apumzike, chombo kiende."

Nilikumbuka kofi la ziwani, na meno yake.

"Na mimi?" nikauliza. "Mimi uliniandika wapi?"

"Wewe sikukuandika." Akacheka kidogo, kicheko chake cha kitandani tulipokuwa tunagombania shuka. "Wewe nilikuwa nakuona kila siku. Nikuandike wa nini?"

Ndipo aliponiuliza. Hakuuliza kwa hasira, aliuliza kama mtu anayetaka kujua mvua ilinyesha saa ngapi. "Hivi, mlijua nani alinisema?"

Nilikuwa na nafasi. Hakukuwa na mtu mwingine pale, na yule mbele yangu ndiye mtu pekee duniani ambaye angeweza kunisamehe. Nilifungua mdomo.

"Wanasema Mama Vumilia."

Akatikisa kichwa. "Mama Vumilia alikuwa ananipa vichwa vya migebuka." Akakunja shati lile, akalifungua, akalikunja tena. "Labda alilazimishwa. Mwambie nimemsamehe. Usisahau, ego?"

"Ego," nikasema.

Honi ikalia. Nikasimama, naye akasimama, akanisindikiza kati ya maturubai hadi kwenye kizuizi, ambacho kilikuwa mti mmoja mrefu uliolazwa juu ya nguzo mbili. Gari la maji lilikuwa upande wa pili, baba anafunga vifaa vyake nyuma, ametupa mgongo. Askari wa kizuizini alitutazama sote wawili, miguu mitupu, vumbi moja.

"Nyie, rudini."

"Huyu anatoka, afande," Nestori akasema.

"Kila siku mnasema anatoka. Wewe mtoto, huyu ni nani wako?"

Sijui nilichokuwa natafuta. Nadhani nilitaka kulipa hapo hapo, nimalize. Nikamshika Nestori mkono kwa nguvu zangu zote.

"Kaka yangu!" nikasema, na nilikuwa nalia. "Ni kaka yangu."

"Basi," askari akasema. "Ndugu hawatenganishwi hapa. Rudini wote kwenye hema lenu."

Nestori akautoa mkono wake kwenye wangu, kidole kimoja kimoja.

"Si ndugu yangu, afande," akasema. "Muulize hata jina la baba yangu, halijui. Ni mtoto wa watu wa Kigoma, baba yake ni yule pale kwenye gari. Mwache aende."

Askari akainua mti, nikapita.